Aliyezuia Maji: Maisha ya Dada Yangu, Fundi wa Unga wa Metali

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wa zimamoto mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuja kumsindikiza dada yangu. Mimi ni mdogo wake, mwokaji mikate. Kazi ya kuyasoma maisha yake imeniangukia mimi kwa sababu wa kunizidi kumjua hayupo. Nitasoma polepole. Kuna mahali wengine katika familia waliniomba nipaharakishe. Sitapaharakisha.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, zile ndefu zenye paa moja na milango kumi na minne. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya mabehewa. Mama yetu alifua mashuka ya hospitali. Walijaliwa watoto watatu, na wa katikati hakufikisha mwaka. Mama alikuwa akisimulia kwamba mimi nilipozaliwa, mwaka 1962, dada alisogea kitandani, akanitazama kwa muda, akauliza, "Huyu naye atakaa, au ataondoka?"

"Huyu atakaa," mama akamjibu.

"Basi nitamzoea."

Alinizoea miaka sitini.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na ghala la mbao, kuanzia Januari 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini alikuwa wa maswali. Baba alirudi nyumbani kila siku na vumbi la chuma kwenye mikunjo ya suruali, vumbi lililotoka kwenye mashine ya kusaga ncha. Kazi ya kuikung'uta suruali ile ilikuwa ya dada. Siku moja aliikung'utia juu ya jiko la mkaa, na vumbi likalipuka kuwa cheche kila upande. Mama alipiga kelele. Dada akachukua chuma cha kukorogea mkaa, akakiweka kwenye moto ule ule, akangoja. Hakikuwaka. Akamuuliza baba kwa nini chuma hakiwaki ilhali vumbi lake linawaka.

"Kwa sababu nimekataza," baba akasema.

Jibu lenye akili zaidi alilipata kwa mwalimu wake wa kemia. Mwalimu alimwambia kuwa moto hula kitu kwa nje, kwenye ngozi yake tu. Msumari una ngozi kidogo na mwili mkubwa. Usage uwe vumbi, na mwili wote utageuka kuwa ngozi. Mwalimu huyo huyo aliwasha utepe wa magnesi, akauingiza kwenye chupa yenye mvuke wa maji. Darasa zima lilitegemea utazimika. Ukawaka kwa mwanga mweupe kuliko mwanzo. Dada alirudi nyumbani siku hiyo akitembea upesi.

"Baba, leo nimeona moto unakunywa maji."

"Na mimi leo nimeona msimamizi anakunywa chai yangu," baba akamjibu, kisha akamsikiliza hadi mwisho.

Baada ya sekondari alisoma miaka miwili chuo cha ufundi, akapata cheti cha fundi wa maabara mwaka 1976. Jumatatu, tarehe 3 Januari 1977, aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa injini, kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na mitano, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine popote.

Wengi wenu mmemjua kwa jina la Chekeche. Wageni walidhani anafundisha watoto wadogo. Jina lilitokana na kazi yake, na kazi yenyewe naomba niieleze kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Mwaka 1979 kituo kilianza kutengeneza chombo cha kwenda chini ya maji bila mtu ndani. Injini za kawaida huhitaji hewa, na chini ya maji hewa haipo. Mhandisi mkuu wa wakati huo alikuja na njia nyingine. Maji yenyewe yana oksijeni ndani yake, imeshikamana na haidrojeni. Alumini ikiwa unga laini na ikipata joto la kutosha, huyanyang'anya maji hiyo oksijeni, na katika unyang'anyi huo hutoka moto mkali ajabu. Kinachobaki ni mvuke na haidrojeni, vinavyotoka kwa nguvu nyuma ya injini na kuisukuma mbele. Chombo kingebeba unga peke yake, maji kingeyavuta njiani. Kwa maneno ya dada, ni sawa na mtu anayesafiri na unga tu kwa sababu anajua kila anapokwenda kuna kisima.

Ugumu ulikuwa kwenye unga wenyewe. Kila chembe ya alumini huvaa ngozi nyembamba ya kutu nyeupe, na ngozi hiyo haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi elfu mbili. Unga laini sana huwaka upesi, lakini una ngozi nyingi na metali kidogo. Unga mnene una metali ya kutosha, lakini huwaka kwa shida. Ilibidi mtu auchekeche na kuupanga kwa ukubwa wa chembe, na mtu huyo alikuwa dada yangu.

Chumba cha unga kilikuwa na ukubwa wa sebule ndogo, kuta nene, paa jepesi ili mlipuko ukitokea utoke kwa juu. Sheria ya kwanza iliyobandikwa mlangoni ilisema: mtu mmoja tu. Waliona ikitokea ajali, afe mmoja. Dada alivaa pamba tupu, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi nguo za ndani, kwa sababu nailoni huzaa cheche. Alifungwa waya kwenye kifundo cha mguu ili umeme mdogo wa mwilini ushuke ardhini. Alifundishwa kutembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Kupiga chafya kulikuwa kosa la kuandikiwa barua. Aliniambia alijifunza kuzuia chafya hadi ikasahau ilikuwa inakwenda wapi. Saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, alikuwa humo peke yake.

Injini za kwanza ziliziba. Majivu meupe yaligandamana kwenye tundu la nyuma, moto ukajisonga wenyewe, ukazimika. Kwa miaka minne wahandisi walibadilisha tundu. Dada, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliona kwenye daftari lake kwamba siku alizopeleka unga wa chembe mbili tofauti uliochanganyika kwa bahati mbaya, injini ilidumu zaidi. Akampelekea mhandisi mkuu. Mzee yule alisoma daftari akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa, kisha akasema, "Kwa hiyo wadogo wawashe, wakubwa waendeleze." Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1984, injini iliwaka ndani ya tangi la maji kwa sekunde tisini na tatu bila kuziba. Watu walikumbatiana. Dada hakuona, maana fundi wa unga hakuruhusiwa karibu na moto na nguo zake za kazi. Alisimama ndani ya chumba chake, akaweka kiganja ukutani, akausikia mtetemo hadi ulipokwisha.

Mtu wa kwanza kumpasha habari alikuwa fundi wa vipimo, aliyekaa upande wa pili wa ukuta. Sheria ya pili ya chumba ilimtaka dada, kila baada ya robo saa, anyanyue simu ya ukutani na kusema, "Chumba cha unga, salama." Upande wa pili ungejibu, "Nimesikia." Wasipomsikia, wangepiga king'ora. Kwa miaka mingi ndivyo walivyozungumza, maneno matano mara thelathini na mbili kwa siku. Kisha siku moja, baada ya injini ile kuwaka, upande wa pili ukajibu, "Nimesikia. Umekula?"

Dada aliniambia alikaa na ile simu mkononi hadi mkono ukachoka. Robo saa iliyofuata akasema, "Chumba cha unga, salama. Bado sijala."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986. Keki niliioka mimi, na ilipinda, na shemeji alinitetea mbele ya watu kwamba meza ndiyo iliyopinda. Alikuwa mtu mwema, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Mama yake, yaani mama mkwe wa dada, alikuwa mpishi wa kantini ya kituo, na alimpenda mkwewe kwa namna ya wapishi, kwa kumwekea sahani iliyojaa kupita wengine. Binti yao wa pekee alizaliwa tarehe 2 Mei 1988. Hiyo miaka sita ya ndoa dada aliitaja mara chache sana, na kila alipoitaja, alishusha sauti.

Sasa nafika pale nilipoombwa niharakishe.

Jumanne, tarehe 20 Oktoba 1992, saa nne asubuhi, moto ulizuka kwenye stoo ya unga chakavu. Humo kulikuwa na makopo ya unga ulioharibika ukisubiri kutupwa. Bati la paa lilikuwa na tundu. Dada alikuwa ameandika barua mbili kulihusu. Mvua ya wiki ile iliingia. Unga wa alumini ukilowa haulali. Unajipasha moto wenyewe kidogo kidogo, unatoa gesi, unangoja. Shemeji aliona kipimajoto cha stoo kinapanda, akadhani ni kifaa kimeharibika, akaenda kuangalia. Alipofungua mlango hewa iliingia pamoja naye. Waliokuwa uani waliona mwanga mweupe ambao, wanasema, ulifuta vivuli vyao.

Dada alitoka kwenye chumba chake akikimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Kati ya stoo ile na ghala kubwa, lenye karibu tani mbili za unga mzima, kulikuwa na mlango wa chuma uliokuwa wazi. Aliuvuta kwa mikono mitupu, akaufunga komeo. Nyama ya viganja vyake ilibaki kwenye mpini. Alimwita mumewe mara mbili. Kisha akatoka nje kwa sababu alisikia magari ya zimamoto.

Walifika na mabomba tayari. Kamanda wao yuko hapa leo, amestaafu, na haya maneno nimeyapata kwake mwenyewe. Alimkuta mwanamke amesimama katikati ya njia, mikono ameitanua, damu inachuruzika kwenye viwiko.

"Mama, tupishe!"

"Maji hapana. Huo ni unga wa alumini, unakula maji. Mkimwaga, ghala zima litaruka. Leteni mchanga. Mkavu."

"Kuna mtu ndani?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mume wangu."

Kamanda anasema jibu hilo ndilo lililomfanya ashushe bomba. Hakuwa na elimu ya unga wala ya alumini. Aliona tu kwamba hakuna mwanamke anayemzuilia mumewe maji kwa ubishi.

Lakini alikuwapo na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa ametoka mbio kantini, aproni kiunoni, mwiko bado mkononi. "Mwanangu yumo ndani!" alilia. "Mwageni maji! Mnamsikiliza huyu?" Alijaribu kulishika bomba yeye mwenyewe. Dada alimtazama, akasema, "Mama, nisamehe," na mikono hakuishusha.

Mchanga ulichukua saa tatu. Nyuma ya ghala, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na karakana yenye watu thelathini na mmoja. Wote walitoka wazima. Wengine nawaona hapa, na mvi zenu.

Shemeji alizikwa dada akiwa wodini, mikono imefungwa hadi juu ya viwiko. Alilazwa wiki saba. Alipotoka alikwenda kwa mama mkwe kumchukua mtoto. Nilikuwa naye. Alipiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mtoto amelala."

Ilikuwa saa tano asubuhi, na mtoto tulimsikia akiimba.

Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, na zote za mwaka 1993. Mwaka 1994 mama mkwe alihama mji pamoja na mjukuu. Nilimwambia dada aende mahakamani, mtoto ni wake, hakuna hakimu atakayemnyima. Akasema, "Nimnyang'anye mtu watoto wawili?" Hakulizungumza tena. Nguo za shule na madaftari alivituma kupitia kwangu. Mimi nilipokelewa, maana mkate hupokelewa popote. Binti alikua akijua kwamba baba yake aliungua na mama yake akazuia maji. Hakudanganywa, ndugu zangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Aprili 1993 ilitoka ripoti ya uchunguzi, kurasa arobaini na sita. Daktari aliandika kwamba fundi wa vipimo alifariki papo hapo, kwa mwanga ule wa kwanza, kabla hata mtu hajapiga kelele. Nilipoisoma nilitaka kuikimbiza kwa mama mkwe siku ile ile. Dada alinishika shati. "Niache nilaumiwe," alisema. "Akijua mwanawe amekufa kwa sababu ya tundu kwenye bati, atamlaumu nani? Bati? Mtu hawezi kulichukia bati miaka thelathini. Mimi ataniweza." Akaniapisha nisimwonyeshe mtu. Nikaapa, kwa hasira.

Kazi ya unga ilifungwa mwaka 1995. Kituo kilihamia kwenye mambo mengine, na chombo kile hakikuwahi kwenda popote zaidi ya tangi. Dada alibakizwa kama mtunza stoo ya vipuri hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012. Jambo moja aliloliomba ni kuwafundisha zimamoto. Kuanzia 1996, kila mwaka, kamanda alimwita mbele ya askari wapya kwa somo la saa moja. Aliwasha kijiko kimoja cha unga wa magnesi kwenye sinia la mchanga, mbali uwanjani, kisha akaunyunyizia maji kwa kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Moto uliruka juu kama umetukanwa. "Maji ni rafiki wa kila mtu," aliwaambia, "isipokuwa huyu." Aliwafundisha kuuliza kwanza nini kinaungua, ndipo waguse bomba. Mtu mmoja aliwahi kuuliza, "Na kama kuna mtu ndani?" Dada alijibu, "Hata kama," akakusanya vifaa vyake. Somo likaishia hapo mwaka ule.

Aliishi chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, karibu na ofisi ya posta. Alikuwa na kiti kimoja. Nilimpelekea cha pili, akanirudishia kwa mkokoteni baada ya wiki. "Kiti kitupu kinaongea sana," alisema. Jumapili alikuja kwenye tanuri langu, akapanda ngazi na kitambaa chenye unyevu kufuta vumbi la ngano kwenye maboriti, kwa sababu unga wa mikate nao ukitanda hewani huweza kulipuka. Wateja walimcheka. "Unga ni unga," aliniambia kutoka juu. "Wako umechelewa tu kupata akili." Mke wangu alimbembeleza ale chakula cha mchana nasi. Alikula, akashukuru, akaosha sahani yake, akaondoka kabla ya watoto kuanza kumzoea. Nadhani aliogopa kuzoewa.

Kikohozi kilianza mwaka 2015. Februari 2019 madaktari walisema mapafu yamekakamaa, na kwamba vumbi la miaka ile halikutoka lote. Nilimwomba ahamie kwangu. "Nitoke kwenye unga niingie kwenye unga?" aliuliza, akacheka hadi akakosa pumzi, na tangu hapo nikajifunza kutomchekesha. Mwishoni mwa 2021 alianza kutumia mashine ya oksijeni.

Ni katika siku hizo aliponiambia jambo ambalo sikulijua kwa miaka thelathini. Nilikuwa namlaumu, namwambia angeonyesha ripoti mapema asingekuwa peke yake namna hii. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ripoti inasema kweli. Lakini siku ile mimi sikuwa na ripoti."

Sikumwelewa mara moja.

"Nilipowazuia sikujua kama amekufa," akasema. "Sasa nikamwonyeshe mama yake karatasi, aniombe msamaha? Aniombe msamaha wa nini?"

Aprili mwaka huu nilivunja kiapo changu. Nilituma nakala ya ripoti kwa binti yake, ambaye ni mpima ardhi katika mji wa mbali. Sikumwambia dada. Kama nilikosea, kosa ni langu.

Binti alikuja Jumamosi, tarehe 11 Juni. Hawakuwa wameonana tangu alipokuwa na miaka minne, isipokuwa kwa picha. Alisimama mlangoni na ile bahasha ya ripoti, akaanza kulia kabla hajakaa. "Mama, kumbe ulijua ameshakufa! Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa jikoni na vikombe vya chai mkononi. Ilitosha dada aitikie kwa kichwa. Asingehitaji hata kusema neno. Nilimwomba Mungu dada aitikie.

Dada alivua barakoa ya oksijeni. "Hapana," akasema. "Sikujua. Nilimwita mara mbili, hakujibu. Lakini mtu anaweza kukosa kujibu, na bado yuko hai."

"Kwa hiyo angekuwa hai…"

"Kulikuwa na watu thelathini na mmoja nyuma ya ukuta. Na bibi yako uani. Ningesimama pale pale."

Binti aliiweka bahasha kitandani, akaondoka. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi zote. Dada aliirudisha barakoa usoni na kugeukia ukutani. Nilikaa naye hadi chai ikapoa.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi binti alirudi na begi kubwa. "Nimeomba likizo," alisema. Baadaye, tulipokuwa wawili kwenye ngazi, nilimuuliza kilichomrudisha. Alisema, "Angeitikia siku ile, Mjomba, ningelia sana, ningemkumbatia, na nadhani nisingerudi. Nisingekuwa na cha kumrudia."

Sitawadanganya kwamba wiki nane zilifidia miaka thelathini. Hawakuwa na mazoea. Binti hakujua mama yake hanywi chai yenye sukari, na mama hakujua mwanawe anaogopa mijusi. Kuna siku walikaa kutwa bila kusema kitu cha maana. Lakini binti alimkata kucha, zile za vidole vilivyopinda kwa kovu, kimoja baada ya kingine, na dada, ambaye hakuwa ameshikwa mkono na mtu kwa muda mrefu, aliangalia pembeni hadi kazi ilipokwisha.

Alifariki Jumatano, tarehe 17 Agosti 2022, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Binti alikuwa kwenye foleni ya dawa. Mimi nilikuwa kwenye tanuri. Muuguzi alikuwa amempita dakika chache kabla, akamwona yu macho. Aliporudi alikuwa ameshaondoka. Binti anajilaumu kwa foleni ile, na mimi kwa mikate ile, lakini ninyi mliomjua mnajua kwamba asingependa tujilaumu sana. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Marehemu ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja, ambaye ndiye mimi, wifi yake, yaani mke wangu, wapwa watatu, kamanda mstaafu, aliyeomba aandikwe kama ndugu na tukakubali kwa furaha, pamoja na zimamoto wote waliopita mikononi mwake.

Orodha yetu ilikuwa inaishia hapo, na ndivyo ilivyochapishwa. Juzi mchana binti alimpigia simu bibi yake kumpa habari za mazishi. Bibi ana miaka tisini sasa. Ripoti alikuwa ameshasomewa, na jibu la dada kuhusu siku ile, lile la kutojua, alikuwa ameambiwa pia. Hatukuficha chochote. Bibi akauliza kama kwenye ile karatasi ya mazishi kuna orodha ya waliobaki. Binti akamwambia ipo. Akasema neno moja: "Niandikeni."

Karatasi zilikuwa zimeshatoka kwa mpiga chapa. Ndiyo maana nakala zote mia moja na ishirini mlizonazo zina mstari wa mwisho ulioandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa binti wa marehemu. Nausoma kama ulivyo:

*Na mama mkwe wake, ambaye amesafiri tangu jana, na amekaa kiti cha mbele.*

Apumzike sasa dada yetu. Mwenyezi Mungu ampokee na kumtuliza.